Injini Mpya ya Turbo Inagonga: Ekzosi, Tapeti, Pistoni au Bigendi? Linganisha Kabla Hujashusha

Hakuna kitu kinakata maini kama injini uliyoijenga mwenyewe kwa miezi nane, pistoni za foji, konrodi nene, beringi mpya, turbo imepandishwa saizi, hela yote imelala mle ndani, halafu siku inawashwa kwa mara ya kwanza unasikia kule chini ko ko ko ko. Mimi yamenikuta hapa hapa Dodoma, gereji moja ya Kizota, mwezi wa saba, asubuhi ile ya baridi na upepo ambayo sisi wa huku tunaijua. Gari ni Toyota Mark II GX110 iliyovuliwa injini ya 1G ikavikwa 1JZ-GTE ya turbo, cc 2,500, na mafundi watatu waliokuwepo pale walinipa majibu matatu ndani ya dakika tano. Wa kwanza: bigendi hiyo (beringi ya pale konrodi, mkono wa pistoni, inaposhika krenki), zima, shusha. Wa pili: tapeti tu (kile kikombe kinachosukuma valvu), itatulia. Wa tatu: mwaga oili, weka nzito, utaniambia.

Nayaandika haya kwa mtu ambaye yuko kwenye hali ile sasa hivi na anatakiwa achague, aendelee kuiwasha na kuiendesha mpaka izoee, au azime na kushusha injini chini. Ukikosea upande wowote unaumia. Ukishusha bure umepoteza gasketi, oili, wiki mbili, na mara nyingi unarudisha vitu vibaya kuliko vilivyokuwa. Ukiendesha huku bigendi imeshaanza kuachia, krenki inaliwa, na siku moja konrodi inatoka ubavuni mwa bloku. Kwa hiyo nitaziweka sauti mbili mbili, zile zinazofanana, maana hakuna mtu anayechanganya bigendi na mluzi wa belti.

Mzee mmoja fundi, Mgogo wa Chamwino, ndiye aliyenipa namna ya kusikiliza. Nilimwamkia mbukwa, nikamweleza, akasikiliza gari bila kusema neno, halafu akaniambia, "Kijana wangu, sauti usiiulize ukubwa wake. Iulize inabadilika lini." Tangu siku ile kila ninaposikia injini inagonga nauliza mambo manne: ikiwa baridi na ikiwa moto kuna tofauti gani, nikiipa mzigo na nikiachia inakuwaje, nikikata silinda moja moja kuna inayonyamaza, na presha ya oili inasomaje wakati wote huo.

Presha ya oili kwanza

Kabla hujaanza kuinamisha sikio, jua presha. Taa nyekundu ya dashibodi isikudanganye, swichi yake imewekwa kuwaka presha ikishashuka hadi psi chache tu, yaani taa ikiwaka msiba umeshafika nyumbani. Chomoa ile swichi, funga geji ya kupima kwa mkono pale pale. Hapa kuna jambo limewaponza wengi: tundu la swichi kwenye injini za Toyota lina nyuzi za BSPT 1/8, na geji nyingi za dukani zinakuja na nyuzi za NPT 1/8. Ukiangalia kwa macho zinafanana kabisa, ukilazimisha zinaingia mizunguko miwili halafu unaharibu nyuzi za bloku au unabaki na kuvuja. Nunua adapta.

Kipimo ambacho wajenzi wa injini wengi wanakitumia ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, oili ikiwa imeshapata moto vizuri. Ya kwangu siku ile ilikuwa 18 kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, na 55 kwenye mizunguko 3,000. Kama wewe unasikia kugonga na geji inaonyesha 5 kwenye sailensa na kwenye 3,000 haifiki 25, huna haja ya kuendelea kusoma ulinganisho, zima gari sasa hivi, injini inashuka. Lakini kinyume chake siyo kweli na hapa ndipo watu wanapoangukia: presha nzuri haimaanishi bigendi zote ni nzima. Bigendi moja ikiachia kidogo, pampu nzuri inafidia na geji haitikisiki. Presha mbaya inakuhukumu, presha nzuri haikuachii huru.

Tik tik ya juu: ekzosi au tapeti

Hizi mbili ndizo zinazosumbua zaidi kwenye injini mpya na zote mbili kwa bahati nzuri haziui injini leo leo. Zote ni nyepesi, kavu, za haraka, tik tik tik, na zote zinafuata mizunguko ya injini.

Ekzosi inayovuja kwenye manifoldi au pale turbo inapokaa inapiga kelele zaidi ikiwa baridi, na chuma kikipata moto kikatanuka ule mwanya unajiziba, sauti inapungua au inapotea kabisa. Ukikanyaga resi kwa mzigo inakuwa kali, inageuka kama fyu fyu fyu. Manifoldi za kutengeneza za kuchomelea zina ugonjwa huu sana maana flanji inajikunja wakati wa kuchomelea na isipopelekwa kusawazishwa haikai. Kuithibitisha ni rahisi, gari likiwa baridi liwashe, mwambie mtu aweke kitambaa kinene mdomoni mwa ekzosi nyuma kwa sekunde chache, kama inavuja mbele ile tik inapanda na utaisikia inatokea wapi. Siku mbili tatu baadaye utaona masizi meusi pale pale.

Tapeti haijali sana mzigo. Ukanyage usikanyage ni ile ile, inaongezeka kasi tu. Na inatembea kwa mwendo wa kemushafti, shafti inayofungua valvu, ambayo inazunguka nusu ya krenki: sailensa ikiwa 720, krenki inazunguka mara 12 kwa sekunde na kemushafti mara 6. Sita kwa sekunde sikio la mtu linaweza kuzifuata, utaisikia kama cherehani inayoenda taratibu. Kwenye 1JZ hakuna tapeti za kujaa oili zinazojirekebisha zenyewe, ni ndoo na shimu, kile kipande chembamba cha kupangia uwazi, kwa hiyo yule fundi wa pili aliyesema itatulia yenyewe alikuwa anaongelea injini nyingine. Shimu haijirekebishi. Uwazi wa valvu ukiwa baridi unatakiwa uwe 0.15 hadi 0.25 mm upande wa intake na 0.25 hadi 0.35 mm upande wa ekzosi, unafungua kava, unapita na fila geji zote 24, unaandika kwenye karatasi. Kama hedi ilisagwa au siti za valvu zilikatwa, uwazi umebadilika, na mara nyingi umebana siyo kulegea. Na naomba hili ulishike: valvu iliyobana haipigi kelele. Inakaa kimya huku inaungua. Tapeti inayosema tik kidogo ni afadhali mara mia kuliko iliyonyamaza kwa sababu haina nafasi ya kupumua.

Nozeli kubwa za kupulizia petroli nazo zinasema tik tik, hiyo ni kawaida, weka bisibisi juu ya nozeli utaisikia hapo hapo, achana nayo.

Pistoni au bigendi

Hapa ndipo roho inapokaa mkononi, na hapa nitakaa sana.

Pistoni za foji zinatanuka zaidi zikipata moto kuliko zile za kiwanda za kumimina, hasa zile za aloi inayoitwa 2618 ambayo ndiyo imejaa kwenye injini za turbo kwa sababu inavumilia kipigo. Kwa hiyo anayekuboria silinda anaacha nafasi kubwa zaidi kati ya pistoni na ukuta, kwa bore ya 86 mm unaweza kuambiwa 0.08 hadi 0.10 mm kutegemea karatasi iliyokuja na pistoni. Asubuhi ikiwa baridi pistoni ni ndogo ndani ya silinda, inapopita juu na kusukumwa chini inalalia ukuta mmoja halafu mwingine, inapiga kofi. Ndiyo ile ta-ta-ta butu, kama mtu anagonga ndoo ya mbao kwa kifundo cha kidole. Siyo chuma kwa chuma kavu, ina utupu fulani ndani yake.

Bigendi inagonga kwa chuma. Ni nzito, ina kina, inasikika chini kwenye sampu, karai la oili, kuliko juu kwenye hedi, na ukiweka kiganja kwenye bodi unaweza kuihisi. Lakini kwa maneno peke yake hutazitofautisha, mimi mwenyewe nimeshasikiliza injini nikaapa ni pistoni kumbe sivyo, kwa hiyo ziweke kwenye majaribio zote mbili.

Joto. Pistoni ya foji inapiga kofi zaidi baridi, na jinsi maji na oili vinavyopanda joto inapungua, ndani ya dakika tano mpaka kumi imenyamaza au imebaki kwa mbali. Bigendi inafanya kinyume: asubuhi oili ikiwa nzito inaweza isisikike kabisa, ukitembea kilomita 20 oili ikawa nyepesi, ukisimama kwenye mataa ndipo inaanza. Ukiniambia jambo moja tu kuhusu injini yako nataka uniambie hili. Sauti inayokufa na joto ina muda wa kuchunguzwa. Sauti inayozaliwa na joto izimie gari.

Mzigo. Gari likiwa limesimama na injini ina moto, peleka mizunguko mpaka 2,500 taratibu, ishike hapo, halafu achia mguu ghafla. Bigendi inapenda ule mpito, pale nguvu inapogeuka kutoka kusukuma kuwa kuvutwa, utasikia tra-ra-ra fupi wakati mizunguko inashuka. Pistoni inapiga zaidi wakati unasukuma, ukiachia inapoa. Usirudie mara 20 kutafuta uhakika, mara mbili zinatosha, kila mara unayorudia kama ni bigendi kweli unaisaga.

Kukata silinda. Unachomoa plagi ya waya ya nozeli moja, unasikiliza, unarudisha, unaenda ya pili mpaka ya sita. Nasema nozeli siyo koili ya moto wa plagi, na kwa injini mpya hili nalitilia mkazo, maana ukikata koili petroli inaendelea kumwagika mbichi kwenye silinda, inaosha oili ukutani na ringi zako mpya ambazo hata hazijakaa zinatembea kavu. Ukikata nozeli ya silinda yenye bigendi mbovu, ule mgongano unapungua sana au unakatika kabisa, maana hakuna tena mlipuko wa kuisukuma konrodi. Tatizo ni kwamba pistoni nayo inapungua ukiikata. Kwa hiyo jaribio hili linakuonyesha silinda ipi, halikuambii peke yake ni ugonjwa gani, lazima ulifunge pamoja na lile la joto. Tapeti ukikata silinda haijali sana. Pini ya pistoni ni adimu kwenye injini mpya, inasema mara mbili mbili, ta-ta, ta-ta, na ukikata silinda yake wakati mwingine inasikika zaidi badala ya kupungua.

Sasa kwa nini bigendi igonge kwenye injini mpya? Nafasi ya oili pale inahesabika kwa unene wa unywele. Kanuni ya zamani ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha jarnali, ile shingo ya krenki inayokaa ndani ya beringi, kwa jarnali ya 52 mm hiyo ni kama 0.05 mm, na wanaojenga za turbo wanaongeza kidogo. Kama aliyefunga hakuweka uzi wa plastigeji, ule wa kubanwa ndani ya beringi, akapima nafasi, kama boliti za konrodi zilikazwa kwa mkono wa kuzoea badala ya kupima, kama kofia ya konrodi namba 3 ilikwenda kwa namba 4, hiyo ndiyo njia. Lakini iliyonitia uchungu zaidi ni uchafu. Jirani yangu ana gari lenye injini ya boksa, silinda zake zimelala, na lina turbo, krenki yake ilipelekwa kusagwa sehemu fulani, ikarudi inang'aa kama kioo, na hakuna aliyechomoa vizibo vya matundu ya oili kuyasugua kwa brashi. Unga wa kusagia ulibaki mle ndani. Siku ya kwanza oili ilipopita ikausukuma wote kwenye beringi mpya. Gari lilianza kwa kugonga kidogo likiwa na moto, akashauriwa oili nzito, sauti ikapungua kweli, akafurahi, akaliondoa Jumamosi kwenda Iringa na familia. Lilikufa karibu na Mtera, jua la saa saba, watoto wamekaa pembeni ya barabara kwenye kivuli cha mbuyu, na kwenye bloku kuna tundu unaweza kupitisha ngumi. Wote walirudi salama na ndilo la kushukuru.

Ndiyo maana ule ushauri wa tatu, wa oili nzito, naupinga kwa nguvu zangu zote kwenye injini ambayo haijulikani inaumwa nini. Oili nzito inaifunika sauti ya bigendi bila kuitibu, na inakunyang'anya kipimo kizuri kuliko vyote ulichokuwa nacho. Kama aliyekujengea injini alipanga nafasi zake kwa 10W-40, sikiliza kwa 10W-40.

Bigendi au flekspleti

Narudi kwenye gari langu sasa. Sauti ilikuwa nzito, chini, ko ko ko kwenye sailensa, ilianza baada ya dakika kama 40 za kuwaka, kwa hiyo kwa kipimo cha joto ilikuwa na alama zote za bigendi na yule fundi wa kwanza hakuwa mjinga kusema alichosema. Nilikuwa nimeshakubali. Mzee ndiye aliyesema tumalize majaribio kwanza.

Tulikata silinda moja moja, zote sita, hakuna iliyobadilisha chochote. Hiyo ilikuwa ya kwanza kunipa pumzi. Presha nimeshasema, ilikuwa nzuri. Mzee akaniambia nikanyage breki, niweke D. Sauti ikabadilika, ikawa ya kukwaruza kidogo, halafu ikapotea. Rudisha N, ikarudi. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye sampu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akasogea taratibu kuelekea nyuma, sampu, kona ya bloku, halafu kengele ya gea boksi, lile kava linaloungana na injini. Pale kwenye kengele akanipa bisibisi. Ilikuwa kama mtu amekaa ndani na nyundo.

Tukafungua kile kifuniko kidogo cha chini, tukazungusha krenki kwa spana, na boliti mbili zinazoshika flekspleti, ile sahani ya nyuma ya krenki, na torki konveta inayopeleka nguvu kwenye gea boksi ya otomatiki, zilizunguka kwa vidole. Kwa vidole kabisa. Zilikazwa kwa haraka jioni ya siku ya kupandisha injini, bila gundi ya nyuzi, bila kupima. Tulizitoa zote, tukasafisha, tukaweka gundi, tukakaza kwa spana ya kupimia, tukawasha. Kimya.

Flekspleti iliyolegea au iliyopasuka inadanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye gari la otomatiki. Kwa hiyo weka hizi mbili upande kwa upande: bigendi inajibu ukikata silinda yake, flekspleti kwa kawaida haijibu. Flekspleti inajibu ukiweka gea, bigendi gea haiibadilishi kihivyo, inabadilika tu kwa sababu ya mzigo. Bigendi iko kwenye sampu, flekspleti iko kwenye kengele. Kwa gari la manyuo angalia flaiwili na klachi kwa mtindo huo huo, ukikanyaga klachi sauti ikibadilika, uko nyuma ya injini, au ni beringi ya kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, na hiyo ya mwisho siyo habari njema.

Mbele nako pasisahaulike. Toa belti ya altaneta na pawa stelingi, washa kwa nusu dakika, kama kelele imeisha ni puli au beringi ya mojawapo ya hivyo. Kava ya taimingi belti inayoguswa na belti nayo inatoa sauti ya kukwaruza inayotisha bure.

Kokoto kwenye debe

Hii ni ya mwisho kuitaja lakini inaua haraka kuliko zote, na haisikiki gereji. Ukiwa sailensa hakuna kitu. Ukiwa barabarani, gea ya tatu, mizunguko ya chini, turbo imeanza kujaza, unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya debe. Hiyo siyo chuma kilicholegea, ni mchanganyiko unaolipuka vibaya ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni na beringi. Tofauti yake na tapeti ni moja tu na inatosha: tapeti iko muda wote, kokoto inakuja na mzigo tu na ukitoa mguu inakatika papo hapo. Ukiisikia toa mguu, rudi nyumbani bila turbo, mpelekee anayekutunia kompyuta apunguze taimingi au presha ya turbo na aangalie mafuta kama yanatosha.

Sisi wa Dodoma tuna la kwetu hapa. Mji uko juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Gari lililotuniwa hapa likawa safi, turbo ikidhibitiwa na springi ya westigeti, ule mlango unaozuia presha ya turbo isizidi, peke yake, ukilishusha Morogoro ambako ni karibu nusu ya mwinuko huo, halafu Dar, springi ni ile ile lakini hewa inayoingia ni nzito zaidi, kompyuta inajikuta kwenye sehemu za ramani yake ya mafuta na taimingi ambazo hakuna aliyezipima, na joto la kule juu yake. Nimeona gari tulivu kabisa barabara ya Ihumwa likaanza kokoto Chalinze. Kwa hiyo usiniambie gari halina tatizo kwa sababu hapa mjini halina, mwambie anayetunia aache nafasi.

Jingine dogo: kofi la pistoni za foji linaweza kusomwa na sensa ya kunoki kama vile ni kokoto, kompyuta ikarudisha taimingi nyuma gari likawa zito likiwa baridi. Anayejua kazi yake anaiona kwenye kumbukumbu za kompyuta.

Bisibisi, stetoskopu au simu

Bisibisi ndefu inatosha kwa asilimia kubwa ya kazi, na kila gereji ipo. Stetoskopu ya fundi, yenye fimbo ya chuma, inatenga vizuri zaidi sehemu mbili zilizokaribiana, mathalani nozeli na tapeti iliyo chini yake, ukiweza kuipata ipate. Simu sikushauri. Watu wanarekodi sauti wanatuma WhatsApp wanaomba majibu, lakini maiki ya simu inapandisha sauti kali na kukata zile nzito, yaani inakuza tapeti na kuficha bigendi, jibu utakalopewa ni la sauti nyingine.

Ila shahidi mkubwa kuliko masikio yote ni filta ya oili. Mimi nilimwaga oili ya kwanza baada ya nusu saa ya kuwaka, ya pili kilomita 80, ya tatu kilomita 800, na kila filta niliikata. Ikate kwa kikatio cha filta cha kuzungusha, siyo grainda, grainda itamwaga vumbi la chuma mle ndani ukajitia hofu bure. Toa ile karatasi, ikate iachane na vyuma, ibane kwenye jiliwa oili itoke, itandaze juani.

Utakachokiona kwenye filta ya kwanza ni ung'avu mdogo kama vumbi la pambo na grisi ya kufungia injini, hiyo ni kawaida, ringi na silinda zinajuana. Pitisha sumaku: kinachodaka ni chuma, kisichodaka chenye weupe ni aluminiamu, labda pistoni. Vipande bapa laini vya kijivu unavyoweza kuvibonyeza kwa kucha ni tabaka la juu la beringi. Na ukiona rangi ya shaba, nyekundu-njano, inametameta kwenye mikunjo ya karatasi, beringi imeshaliwa mpaka tabaka la pili, na hapo hata kama injini inaimba vizuri kama kinanda, shusha. Filta ya jirani yangu tuliikata baada ya kuvutwa kutoka Mtera, ilikuwa shaba tupu. Angeikata Ijumaa asingeondoka Jumamosi.

Kwa hiyo nichague lipi?

Kama sauti inakufa na joto, presha iko sawa, filta haina shaba, endelea kuendesha, badilisha mizigo, usikae kwenye mizunguko ile ile muda mrefu, na kata filta tena kilomita mia chache mbele. Kama ni ya juu na haibadiliki, fungua kava ya valvu kabla hujafikiria kitu kingine. Kama ni nzito, iko nyuma, na silinda zote ukizikata hakuna inayojibu, kagua boliti za konveta kwanza, ni kazi ya saa moja. Kama inazaliwa na joto na silinda moja inajibu, au filta ina shaba, au presha imeanguka, usiliendeshe hata kulirudisha nyumbani, livute. Na ukishusha, usibadilishe beringi tu ukapandisha, chomoa vizibo vya krenki, sugua matundu, badilisha pampu, na kipoza oili kama kipo kitupe, ule unga hauishi kwa kuoshwa.

La kwangu sasa lina kilomita 2,300. Asubuhi za baridi linapiga kofi la pistoni kutoka Nkuhungu mpaka nikikaribia katikati ya mji, mshale wa joto ukifika katikati linanyamaza. Nimebandika kikaratasi kwenye kile kikinga jua cha dereva, kila Jumapili naandika presha ya sailensa ikiwa moto: 18, 18, 19, 18. Siku nikiandika 14 nitajua kabla sijasikia.